Wanasingizia Baridi

Gari likigoma kuwaka asubuhi ya Julai hapa Ntobeye, huna haja ya kuita mtu. Stata ikikwaruza mara moja na kunyamaza, sauti inafika ng'ambo ya bonde, na kabla hujafungua boneti uwanja umejaa wataalamu. Yupo jirani yangu mzee, ndani ya koti la sufu la mtumba linalomfika magotini. Yupo kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita tu. Yupo mama aliyekuwa anakwenda kisimani, ametua ndoo ili asikose lolote. Wanalitazama gari, wananitazama mimi, halafu wanatoa jibu ambalo nadhani walilipanga njiani: "Ni baridi hii, Mwalimu."

Nimeshachoka na baridi hii.

Sibishi kwamba ipo. Kiangazi cha Ngara, Juni mpaka Agosti, mchana ni vumbi na jua la kupasua midomo, lakini usiku mbingu ikiwa wazi baridi inashuka kutoka milimani, na alfajiri ukungu unajaa mabondeni hata mgomba wa jirani huuoni. Tunaota moto. Wageni kutoka Mwanza wanalala na soksi. Lakini ni baridi ya nyuzi kumi na kitu, na betri ya gari haiwezi kufa kwa nyuzi kumi na kitu. Wakisema hivyo watu wa Makete nitawaelewa, maana huko Juni na Julai nyasi zinaamka zikiwa nyeupe kwa barafu. Akisema hivyo mpwa wangu aliyeko Edmonton, Kanada, nitampa pole. Aliniambia kwamba huko magari mengi yana waya wenye plagi inayochungulia mbele, kwenye grili. Usiku unachomeka gari ukutani kwa umeme wa nyumbani ili injini isigande, na wengine wanaifunga betri blanketi la umeme. Nilipomweleza kwamba betri yangu imekufa kwa baridi ya Ntobeye alicheka mpaka bando likaisha. Bando langu.

Akaniambia mambo ambayo nimeyahakikisha kwa watu wengine wenye akili zaidi yake. Ndani ya betri kuna risasi na asidi ya salfa, umeme wake unatokana na kemia, na kemia ikipoa inazubaa. Joto likishuka hadi nyuzi sifuri, betri hupoteza kama theluthi ya nguvu zake. Likifika nyuzi 18 chini ya sifuri, karibu nusu. Wakati huohuo oili ya injini inakuwa nzito, kwa hiyo stata inadai zaidi kutoka kwa yule aliye na kidogo. Na betri iliyoisha chaji kabisa, asidi yake inabaki karibu maji matupu, inaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasua kasha. Hayo yote ni ya Edmonton. Kwetu sisi kinachoimaliza betri ni joto la mchana chini ya boneti, linalokula sahani zake polepole mwaka mzima. Baridi ya alfajiri inakuja kusoma matokeo tu.

Mbona basi kila mtu anaitaja baridi? Nimelichunguza jambo hili nikiwa nimekaa ndani ya gari lisilowaka, mahali penye utulivu mkubwa wa kufikiri. Baridi haina ukoo hapa kijijini. Ukiilaumu hakuna atakayenuna, wala hakuna shangazi wa mtu atakayeacha kukusalimia kanisani. Lakini ukisema kwamba betri hii, juu ya joto hilo, imeuawa na safari fupi, watu watakuuliza: safari za nani?

Basi na tuzitaje. Mgonjwa akizidiwa anapelekwa zahanati, na mimi siwezi kukataa mgonjwa, ingawa kuna wagonjwa ambao ukisimama mlangoni kwao unaliona paa la zahanati. Kinanda cha kwaya lazima kifike kanisani kabla ya misa ya kwanza na kirudi baada ya misa ya pili, kwa sababu wanakwaya wanasema kikibebwa kichwani kinapoteza sauti. Mtendaji ana mkutano kilima cha pili, na viatu vyake ni vipya. Gunia la maharage limeachwa njiani, lipitie. Usiku ng'ombe wa jirani anazaa, ndama amekaa vibaya, nasikia nagongewa dirisha: "Mwalimu, sogeza gari utumulikie." Si kwamba ng'ombe anakwenda popote. Nasogeza gari hatua chache, nawasha taa, injini nazima maana ng'ombe anaogopa mngurumo. Taa mbili za mbele zinakunywa kama ampea tisa. Ndama akichelewa saa mbili, betri imekwenda karibu nusu, na asubuhi ndama anasimama kwa miguu yake minne mimi nikiwa nimesimama kwa yangu miwili.

Halafu kuna harusi. Kwetu harusi ni za kiangazi: mavuno yameingia, barabara zimekauka, watu wana chochote mfukoni. Gari linafungwa riboni na kuamriwa kwenda mwendo wa bibi harusi, ambao kuku anaweza kuuvuka mbele yako, akarudi, na akavuka tena. Taa kubwa zimewashwa ili video itoke vizuri. Indiketa zote nne zinapepesa. Honi haipumziki, redio imefunguliwa mpaka mwisho, na kwenye kile kitundu cha kuwashia sigara kumechomekwa simu ya mpiga picha, simu ya msimamizi wa bwana harusi, na simu ya mtu ambaye hata hakualikwa. Injini inanguruma kwa unyonge. Altaneta ikizungushwa kwa mwendo huo inatoa umeme kidogo tu, nao wote unaishia kwenye shughuli. Betri haiambulii kitu. Ukifika kanisani unaambiwa uzime, uwashe, usogee, uzime.

Mtu pekee aliyewahi kunisikiliza ni fundi rewaya mmoja wa mjini Ngara. Fundi yule ni kijana mwembamba asiyependa maneno. Alichuchumaa mbele ya gari, akanusa, akafungua boneti, akatazama temino za betri zilizoota unga wa kijani uliokolea. Kati ya temino moja na kichwa chake kulikuwa na msumari. Umepigwa humo na fundi mwingine, siku nyingine, ili kukaza. Aliung'oa kwa koleo akauweka mfukoni bila kuniuliza ni wangu au si wangu. Akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, unga ukachemka na kuyeyuka, akasugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ikang'aa, akafunga kwa spana namba kumi, akapaka grisi. Kisha akatoa testa yake, ambayo ncha nyekundu imefungwa utepe mweusi na ncha nyeusi imefungwa utepe mwekundu, na akagusa.

"Mzee, betri ikilala ikaamka na volti 12.6, imeshiba. Ikiamka na 12.2 ni nusu. Hii yako ina 11.9."

"Hiyo maana yake nini?"

"Hiyo haijaamka."

Akaniletea betri nyingine na waya, akabusti, gari likawaka, akagusa tena na testa. Ikasoma 14.2. Altaneta nzima, mkanda mzima, hakuna mahali umeme unavuja zaidi ya saa na alamu, ambazo hunywa matone usiku kucha katika gari lolote. Akakaa kimya akifuta mikono.

"Unaishi wapi, mzee?"

"Ntobeye."

"Na gari unalipeleka wapi?"

"Ntobeye."

Akafunga boneti.

Alinieleza kwa kifupi, na hadi leo sijapata maelezo mazuri kuliko yale. Stata ikizunguka inavuta zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache. Si nyingi ukipiga hesabu ya saa, na gari likitembea vizuri linairudishia betri deni hilo ndani ya dakika kadhaa. Lakini ukienda kilima kimoja taa zikiwaka, feni ikipuliza ukungu kwenye kioo na simu za watu zikinyonya, hujalipa deni, na tayari umezima unataka kuwasha tena. Kila safari unakopa zaidi ya unavyorejesha. Mbaya zaidi, betri ikikaa siku nyingi bila kujaa, salfa inaganda kwenye sahani na kuwa ukoko, na ukoko ukishakomaa hautoki hata uchaji wiki nzima. Dawa yake ni safari ndefu: walau mara moja kwa wiki, saa nzima, mwendo unaoeleweka. Akanyoosha kidole. "Na usizime njiani."

Nilirudi na dawa hiyo nyumbani nikiwa na furaha na mpango wa kwenda Rusumo. Mama watoto alinisikiliza hadi mwisho, akiendelea kuchambua maharage.

"Kwa hiyo tununue petroli ili uende mahali ambapo huna shida."

"Ni matibabu."

"Mpaka Rusumo. Kumsalimia nani?"

"Betri inahitaji…"

"Betri si unayo hapa nyumbani?"

Ndiyo maana nikajaribu njia za watu maskini. Kila jioni nilichomoa temino kwa spana namba kumi ili saa na alamu zisinywe usiku. Njia hiyo inasaidia kweli, ila ina adhabu yake. Gari langu lilitumika Japani kabla halijaja kuteseka huku, na ndani ya dashibodi anaishi mama mmoja wa Kijapani. Ukiwasha tu anakusalimia kwa sentensi ndefu yenye adabu nyingi. Fundi anasema anadai kadi ya kulipia barabara za kwao. Betri ikiwa nzima anamaliza sentensi. Ikiwa dhaifu anakatika katikati ya neno, na watoto wa kijiji wanamsikitikia kuliko wanavyonisikitikia mimi. Ukichomoa temino, saa inaanza upya saa saba ya usiku na redio inasahau kila kitu. Si kwamba ina mengi ya kukumbuka: redio za Kijapani zinaishia FM 90, kwa hiyo bila kifaa cha kuongezea, hata Radio Kwizera, ambayo ilianza kusikika Ngara mwaka 1995, enzi za kambi za wakimbizi, ndani ya gari langu haipo.

Njia ya pili ilikuwa sola. Paneli ndogo ya wati 20 juu ya paa la gari, waya ukashuka hadi kwenye betri kupitia kidhibiti chaji. Mchana jua likiwa kali inatoa kama ampea moja, ambayo ukiiachia kutwa inalipia unywaji wa usiku na chenji inabaki. Ilifanya kazi vizuri sana, mpaka siku nilipotoka shuleni kufuatilia barua yangu ya kustaafu nikakuta simu zimepangwa juu ya boneti kwa foleni, na mtoto amewekwa kuzilinda. Nilipouliza nikajibiwa na jirani yangu, mwenye koti: "Mwalimu, gari lenyewe halitembei. Huo umeme ungekwenda wapi?"

Chaja ya kuchomeka ukutani ninayo pia. Iko kwa shemeji.

Kinachoniuma ni udogo wa kitu chenyewe. Betri yangu ni ya volti 12 na ampea-saa 45. Zidisha: ikijaa hadi shingoni ina umeme unaozidi kidogo tu nusu yuniti ya Luku. Nusu yuniti! Hapo Rusumo maji ya mto Kagera yanazungusha mitambo ya megawati 80, na nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, zimekaa kikao na kugawana sawa bila mtu kununa. Mimi na kijiji changu tumeshindwa kugawana nusu yuniti.

Na bado kuna wanaonishauri niende Kabanga. Wilaya yetu hii ina nikeli ambayo wataalamu wameifahamu tangu miaka ya 1970. Januari 2021 serikali ikasaini mkataba, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo serikali ina asilimia 16, na mpango ukawa kuisafisha nikeli hiyo Kahama. Dunia inaitaka kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Jirani yangu alilisikia jambo hilo redioni, akaja mbio. "Mwalimu, betri zinatoka hapo Kabanga, wewe unahangaika na za dukani!" Nikamweleza kwamba betri yangu ni ya risasi, haina nikeli hata punje, kwamba ni kitu kilekile alichokibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 alipokunja mabamba ya risasi na kuyatumbukiza kwenye asidi. Akafikiri. "Tangu 1859?" Ndiyo. "Basi ndiyo maana imechoka."

Wakati mwingine natamani enzi za hendeli. Kabla Mmarekani Charles Kettering hajaleta stata ya umeme, iliyoingia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1912, dereva alisimama mbele ya gari akazungusha chuma kwa mkono. Hendeli ilivunja mikono ya watu, hilo najua. Lakini hakuna aliyewahi kuja kuchaji simu kwenye hendeli.

Kusukuma nako hakufai, na hili ndilo jambo ambalo Ntobeye nzima imekataa kulikubali. Gari langu ni la otomatiki. Magurudumu yakizunguka hayazungushi injini, kwa sababu pampu ya gia yenyewe inasubiri injini iwake kwanza. Nimelieleza jambo hili kwa vijana wa pale njia panda kwa Kiswahili, kwa Kihangaza na kwa kijiti nikichora kwenye vumbi. Wanaitikia kwa heshima, halafu wanaulizana kwa nini Mwalimu ni bahili. Siku moja nikiwa ndani nakunywa chai walijitolea. Waliteremsha gari mlima mzima kwa nyimbo, hadi bondeni kabisa. Halikuwaka. Hapo ndipo ikaja bei: kusukuma chini ilikuwa sadaka, kupandisha ilikuwa kazi.

Mwenye pikapu ya gia, jirani wa upande wa pili, alikuwa ameegemea ukuta anatazama. Pikapu yake ni ya zamani kuliko baadhi ya vitongoji vyetu. Kila jioni anaipaki kichwa kikitazama mteremko na jiwe chini ya gurudumu; asubuhi anatoa jiwe, anaachia klachi, anaondoka. Sijui kama ndani mna betri au kuna tofali. Naye, kwa roho nzuri kabisa, alinipa pole ya baridi.

Mwishowe nilipata ruhusa ya safari ndefu, kwa sababu mama watoto alikumbuka shangazi yake anayeishi upande wa Benaco. Mpango wangu ulikuwa safi: niwashe alfajiri, nitoke kwenye vumbi hadi lami, nikanyage bila kusimama, nipite Benaco, nifike darajani Rusumo, nigeuze nikitazama maji yanavyoanguka, nirudi. Huko nyuma hakuna mtu, mbele hakuna mtu, ni mimi na altaneta.

Nilifungua mlango saa kumi na moja, nikakuta abiria. Kwetu kutoka na viti vitupu ni jambo la aibu; ni kula umejifungia ndani. Jirani mwenye koti alikuwa kiti cha mbele, mkanda ameshafunga. Nyuma walikaa mama wa kwaya anayekwenda kudai ushonaji, kijana anayefuatilia mbuzi aliyeuzwa bila kulipwa, bibi mmoja ambaye hadi leo sijajua ni wa nani, mikungu ya ndizi, na jogoo. Mama watoto alisimama na kuku wawili wa shangazi. Nikawaambia wote, kwa sauti ya darasani, kwamba leo gari halizimwi. Wakasema ndiyo.

Bibi akashuka wa kwanza, tukiwa hata hatujatoka kwenye vumbi. Mwenyeji wake akatoka na viti. "Karibuni! Zima gari, Mwalimu, mafuta yanaisha bure." Nikasema tunapita tu. Akatazama injini inayonguruma uani kwake, akanitazama mimi, na uso ukamwanguka. Hebu fikiri: uingie kwa mtu asubuhi, uache gari linanguruma, ni sawa na kumwambia hutaki kuuona uji wake. Mama watoto akanigusa bega. Nikazima.

Uji ulikuwa mtamu, nakubali. Tukapiga stata, mama wa Kijapani akasema sentensi yake yote, tukaondoka. Kwa mshonaji tukazima. Kwa mwenye mbuzi tukazima kwa muda mrefu zaidi, maana mbuzi alikuwa na maelezo. Tukafika kwa mtu ambaye jirani yangu alisoma naye darasa la tatu, na hatukuwa na shida naye yoyote, ila tusingeweza kumpita mlangoni. Kila tulipowasha, mama wa Kijapani alipunguza maneno. Ikawa safari ndefu kweli ukiitazama kwenye ramani, lakini betri haikuona ramani. Iliona safari fupi zilezile, sasa zimepangwa kwenye mstari mmoja.

Benaco tulifika karibu saa sita. Mwaka 1994, vita vya Rwanda vilipowakimbiza watu kuvuka daraja la Rusumo, hapa palisimama kambi yenye watu mamia ya maelfu, na dunia nzima ikajifunza jina la mahali hapa. Leo malori ya kwenda Kigali yanapaki hapo kwa mistari, madereva wanakula wali maharage. Shangazi alitukaribisha, kuku wakapokelewa, gari likazimwa. Tulipotoka nikazungusha ufunguo. Mama wa Kijapani hakusema lolote. Stata ikatoa ule mkwaruzo wake mmoja.

Dereva wa lori akaja na waya bila kuombwa. Madereva wa masafa marefu wana utu ambao haujaandikwa popote. Akafungua sanduku la betri za lori, akanionyesha mbili zilizounganishwa. "Mzee, mimi natembea na volti 24. Nikikupa zote, kompyuta ya gari lako tutaikaanga. Nakupa kutoka kwenye betri moja." Akaunga chanya kwa chanya, na waya wa hasi upande wa gari langu akaubana kwenye chuma cha injini, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi inayotoka humo. Wakati anafunga alituuliza, kama daktari anavyouliza wakati anaandaa sindano, tatizo lilianza vipi.

Jirani yangu alikuwa amesimama kwenye lami inayofuka joto, koti limefungwa vifungo vyote, jasho linamtiririka kutoka kwenye kofia hadi kidevuni.

"Ni baridi," akamwambia.

Dereva akatazama juu, kwenye jua, kwa muda. Kisha akatazama betri yangu. Gari likawaka. Akakataa hela, akapokea mkungu mmoja wa ndizi, akaniinamia dirishani: "Usizime mpaka kwako."

Sikuzima. Rusumo sikuiona, maji yake yakaendelea kuhudumia mataifa matatu bila mimi. Niligeuza hapohapo nikarudi. Kwa mshonaji niliwapokea abiria gari likitembea polepole, mama wa kwaya akaingia kwa kuruka, akiwa hana furaha. Kijana alirudi na mbuzi badala ya hela, na mbuzi akakaa juu ya ndizi zilizobaki. Kwa mwanafunzi wa darasa la tatu tulipiga honi tu, na nasikia bado ananuna. Uji wa jioni kwa wenyeji wa bibi tuliunywa mmoja mmoja kwa zamu, mimi nikiwa ndani ya gari, mguu juu ya mafuta, nikipitishiwa kikombe dirishani.

Nilipoingia uani kwangu giza lilikuwa limeshashuka na betri, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, ilikuwa imekula. Niliiacha injini ikinguruma, nikashika usukani, nikaanza kuhesabu kichwani nibakize muda gani kabla ya kuzima. Ndipo katibu wa kamati ya harusi akaja na daftari lake. Jumamosi wana bwana harusi wa kumtoa kwao hadi kanisani, si mbali, ni hapo hapo tu kilimani. Watahitaji taa zote ziwake njia nzima, na safari hii spika za kwaya zitachomekwa kwenye gari. Nilivuta pumzi ili nianze kumweleza habari za ukoko wa salfa, nikamwona akilifunga daftari.

"Usijisumbue, Mwalimu," akasema. "Mama ameshatukubalia."